Madamu Elise na Mwizi Aliyetaka Kutubu

Elise Marchadier ametengeneza filamu sita na kuandika michezo ya kuigiza kumi na mmoja, na mpaka mwaka jana hakuna hata mmoja uliowahi kupanda jukwaa lenye pazia. Michezo yake imechezwa kwenye ngazi za majengo, kwenye stoo ya baiskeli, kwenye kantini ya shule, na mara moja, mwezi wa pili, kwenye kituo cha basi kule Hässelby, ambako watazamaji walikuwa wanne na wawili kati yao walikuwa wanasubiri basi. Basi lilifika kabla ya sehemu ya pili.

Naandika habari zake kwa sababu nimechoka. Nimechoka kuambiwa kwamba msanii ni yule aliyepigwa picha akiwa ameshika glasi. Huyu mama ana miaka sitini na minane, anaishi ghorofa ya tatu katika jengo letu hapa Rågsved, pembeni mwa Stockholm, Uswidi, amepakua viazi kwenye jiko la shule miaka ishirini na miwili ili apate kula, na kila jioni alirudi akaketi akaandika. Kama huo si ujasiri, basi neno hilo tulifute kwenye kamusi.

Ni Mfaransa. Alizaliwa Roubaix, lakini alipokuwa na miaka mitatu baba yake alipelekwa Bukavu kufundisha fizikia, na huko ndiko alikojifunzia maneno, pamoja na watoto wa mtaani kwao, mpaka akarudishwa Ufaransa akiwa na miaka kumi na mitano. Kiswahili chake ni cha Bukavu, na kimekaa vilevile kama nguo iliyofungiwa sandukuni nusu karne. Watanzania wakimsikia mara ya kwanza hucheka. Wakenya hufurahi kwamba safari hii si wao wanaochekwa.

Kila kazi ya Elise ina mtu aliyefanya kosa na hajutii. Ndivyo alivyo, na ndicho kilichomponza. Filamu yake ya kwanza ilimhusu mwanamke anayeuza tiketi za treni ambaye siku moja, kwa makusudi, anawapa abiria wote tiketi za kwenda kwingine. Waliotakiwa kuisambaza walimwambia mwanamke huyo aombe radhi mwishoni, au aolewe, ikiwezekana vyote viwili. Elise alikataa. Filamu ikaonyeshwa siku tatu.

Mwaka 1991 alikuja Stockholm akimfuata Mswidi aliyekuwa akinasa sauti za barafu. Ndoa ilidumu miaka minane na ikaisha kwa amani: mume akachukua vinasa sauti, mke akabaki na kamera. Kwa kamera hiyo alitengeneza filamu ya mwanamke anayesafisha mabehewa, anayeokota pochi na kuondoka nayo. Kituo kimoja cha televisheni kiliipenda, kikaomba jambo moja tu: pochi irudishwe.

"Walisema hata kwa posta," hutuambia mpaka leo. "Kwa posta! Miye nikabauliza, munajua mutu gani anaokotaka pochi na anaenda posta?"

Sisi sote huangalia pembeni, kwa sababu jirani yetu Kariuki aliwahi kuokota pochi na kwenda posta.

Sasa nifike kwenye chumba cha kufulia. Kila jengo hapa lina chumba kimoja chini, chenye mashine za kufua na za kukaushia, na wapangaji wote hukitumia kwa zamu. Ukutani kuna ubao, na kila nyumba ina kufuli lake dogo la kuchomeka kwenye siku na saa yake. Ukigusa kufuli la mwenzako umevunja amani ya ufalme. Na kwa kuwa Waswidi hawapendi kugombana uso kwa uso, hugombana kwa vikaratasi. "Wewe uliyeacha nyuzi kwenye chujio la mashine, mama yako hakai hapa akusafishie." "Nani amechukua soksi yangu ya kijani? Najua ni nani." Elise alivikusanya vikaratasi hivyo miaka kumi na tisa, akavitunza kwenye makopo ya biskuti, na alipostaafu akavimwaga mezani, akaona mchezo mzima umelala pale.

Aliuita "Mashuka ya Ghorofa ya Nne". Mwanamke mmoja anaiba mashuka kwenye mashine za kukaushia, majirani wanashukiana, wanaitisha mkutano, wanatukanana mpaka urafiki wa miaka unavunjika, na mwisho, wote wakishaondoka, mwizi anabaki peke yake. Analikunja shuka la mwisho taratibu, kwa upendo, analitia mfukoni, anasema, "Kwaherini, majirani. Kesho ni zamu yangu," na anatoka. Basi. Hakuna polisi, hakuna machozi.

Aliuandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya jengo letu inakizungumza, kila mtu kwa namna ya kwao, na kwa sababu, kama asemavyo, kwa Kiswidi hajawahi kumchekesha mtu kwa kukusudia.

Waigizaji aliwatafuta kanisani kwetu. Tunasali saa nane mchana, Waswidi wenye kanisa wakishamaliza ibada yao, na tuko Wakenya, Watanzania, Warundi, Wakongo. Elise hasali, lakini huja kusikiliza kwaya na kula. Kuwapata majirani wema ilikuwa rahisi. Kariuki, dereva wa basi, alijitolea kuwa mwenyekiti wa mkutano wa wapangaji kabla hajaulizwa. Ilipofika zamu ya mwizi, watu wote wakatazama sakafu.

Hapa lazima mgeni aelezwe. Kila Krismasi tunaigiza kuzaliwa kwa Yesu. Kumpata Mariamu ni vita. Mwaka juzi walijitokeza saba. Kumpata Herode ni kubembeleza. Kijana mmoja alikubali kuwa Herode miaka miwili mfululizo, na alipokwenda kuposa, ukoo wa binti ulituma mtu aulize kama ni kweli ana hasira na watoto. Sasa amehamia Södertälje. Kwetu mtu akiigiza ubaya, tunasema labda Mungu amemfunua.

Aliyekubali ni Gaudiosa. Anatoka Bukoba, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na sisi humwita Mama Felicia kwa jina la bintiye. Alikubali kwa sababu alihesabu mistari akakuta mwizi ana maneno mengi kuliko wote. Na alikuwa mzuri, jamani! Alikuwa akilinusa shuka la jirani kiasi kwamba na wewe uliyekaa unatazama unatamani kuliiba.

Tatizo lilianza na Felicia. Binti ana miaka kumi na sita. Mama yake humsemesha Kiswahili, yeye hujibu Kiswidi. Alimrekodi mama yake kwa simu akiwa mazoezini, sekunde ishirini tu: Gaudiosa anachungulia kushoto, anachungulia kulia, anavuta shuka, anasema, "Nachukua kwa sababu haya yananukia kuliko ya kwangu." Akamtumia binamu yake video hiyo ili wacheke. Binamu akaituma kwingine. Baada ya saa moja ilikuwa kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, bila maelezo. Kufikia jioni ilikuwa Oslo. Kesho yake asubuhi ilikuwa Bukoba.

Mama mzazi wa Gaudiosa alipiga simu. Hakumgombeza.

"Gaudi, mwanangu. Kama huko hamna mashuka si ungesema? Ningekutumia."

"Mama, ni mchezo!"

"Sawa, mama. Meupe au ya maua?"

Jumapili iliyofuata Gaudiosa aliingia kanisani akakaa, na benchi lote likabaki lake. Baada ya ibada alijiwa na Agripina, mwenyekiti wa akina mama, mwanamke mpole asiyemwonea mtu, ambaye siku hiyo alikuwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mama Felicia, hujambo? Naomba ule ufunguo wa kabati."

"La vitambaa vya meza?"

"Hilohilo. Kwa muda tu."

"Kwa nini, Mama Mwenyekiti?"

"Hakuna sababu. Ni utaratibu."

"Utaratibu umeanza lini?"

"Leo."

Ufunguo ule Gaudiosa alikuwa ameutunza miaka sita. Aliutoa. Hapo Mchungaji Édouard, Mkongo mwenye moyo mkubwa, akamsogelea na kumshika bega.

"Ma sœur, dada yangu, kanisa iko pale kwa ajili ya bote. Tutakuombea."

"Mchungaji, ni mchezo wa kuigiza! Mfaransa ameandika!"

"Njo vile banaanzaka, ma sœur," alisema Mchungaji kwa huzuni. "Banasema ni mchezo."

Wiki tatu zikapita hivyo. Kazini, Mrundi wa zamu yake alianza kuhesabu taulo mbele yake. Na katikati ya wiki ya tatu, Elise alipokea simu aliyoisubiri tangu alipokuwa na nywele nyeusi.

Aliyepiga ni Tereza, mkuu wa jumba moja dogo la maigizo kule Södermalm. Kikundi kimoja kilikuwa kimejitoa kwenye ratiba ya masika, na pengo lilibaki la majuma matatu. Tereza alikuwa amesikia juu ya mchezo wa chumba cha kufulia. Angekuja Jumamosi saa tisa mchana kuutazama mara moja tu, kwa kuwa Jumatatu ratiba inapelekwa kuchapishwa. Akiupenda, utachezwa kwenye jukwaa la kweli, lenye taa, lenye viti mia na ishirini, lenye pazia.

Elise alituambia habari hiyo mazoezini huku amesimama juu ya kiti. Tulipiga makofi. Gaudiosa peke yake hakupiga.

"Madamu," alisema, "nina ombi. Mwizi atubu."

"Hapana."

"Kidogo tu. Apige magoti, dakika moja, aombe msamaha, tumalize."

"Hapana, Mama Felicia. Mwizi yangu hatubu. Nilikataa Paris, nilikataa televisheni, sasa nikubali Rågsved?"

"Paris hawakukunyang'anya ufunguo wa kabati."

"Batu ya kanisa banakosea. Si banajua ni théâtre?"

"Hawaamini! Mtu akiondoka na mashuka na hakutubu, nani atajua kama ule ulikuwa mchezo? Mama yangu amenitumia mashuka manne, Madamu. Nimelipa ushuru."

Tulicheka. Elise hakucheka. Alishuka kwenye kiti, akamshika Gaudiosa mikono yote miwili, na sauti yake ikawa ndogo.

"Sikia, mama. Miaka makumi tatu na zaidi ninangoja. Kama Jumamosi mwizi anatubu, na ule mwanamke anasema ndiyo, atakuwa amesema ndiyo kwa kazi ya mutu mwingine. Itakuwa kama sikuwahi kufika. Unaelewa?"

Gaudiosa aliichomoa mikono yake taratibu.

"Sawa, Madamu," akasema.

Mtu yeyote aliyekulia kwetu angeisikia ile sawa akajua kwamba ni hapana. Elise, maskini, aliiamini.

Jumamosi ukumbi wa wapangaji ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye mlango. Kanisa zima lilikuja, nadhani wengi walikuja kuthibitisha. Jukwaani palikuwa na kamba ya nguo, kiti cha mwenyekiti, na mashine ya kufulia iliyokufa ambayo Kariuki aliiomba kwenye kituo cha taka. Nyuma kabisa aliketi Elise, mkono kwenye swichi ya taa mbili za kuazima. Mstari wa mbele aliketi Tereza, mwanamke mrefu aliyevaa koti jeusi na ambaye hakulivua, ishara kwamba hakukusudia kukaa sana. Kando yake alikaa mzee Thomas wa ghorofa ya pili, Mswidi pekee wa jengo letu aliyekuja. Wote wawili hawajui Kiswahili; walipewa karatasi yenye muhtasari.

Mchezo ulianza vizuri mno. Kariuki alifungua mkutano wa wapangaji kwa hotuba iliyoandikwa iwe ya dakika mbili, akaifanya saba, na hakuna aliyechoka. Majirani walitukanana kwa maneno yaleyale ya vikaratasi, na kila kikisomwa kikaratasi watu walicheka kwa uchungu wa kujijua. "Nyuzi! Tena nyuzi!" alipiga kelele mtu nyuma. Gaudiosa akaingia na mfuko wake. Alichungulia kushoto. Alichungulia kulia. Nilimwona Agripina akivuta mkoba wake karibu.

Ikafika sehemu ya mwisho. Majirani walitoka. Mwizi akabaki peke yake na shuka la mwisho, jeupe, lenye ua dogo pembeni. Akalikunja mara moja, akalikunja mara ya pili. Elise pale nyuma alikuwa akitembeza midomo pamoja naye. Gaudiosa akafungua mfuko.

"Kwaherini, majirani," alisema.

Kisha akaufunga mfuko, akaliweka shuka juu ya mashine, akapiga magoti.

"Majirani zangu," alisema, "nimewakosea."

"Hapana," alisema Elise kwa sauti ya kawaida, kutoka nyuma.

"Nilichukua shuka la kwanza nikasema ni moja tu. La pili nikasema wao wanayo mengi. Nikawa natembea kwenye ngazi najibanza ukutani, nasikia milango ikifungwa nikipita. Nikisalimia, watu wanaangalia mikono yangu. Jamani! Heri mnipige! Mnisalimie tu kama zamani, nami nitayarudisha yote, nitayapiga pasi!"

"Alléluia!" Mchungaji Édouard alikuwa amesimama.

"Amina!" likajibu kanisa.

Elise alifanya alichoweza. Alizima taa.

Hilo lilikuwa kosa. Kwetu, katikati ya toba, taa zikizimwa, kuna maana moja tu: ni wakati wa maombi. Kwaya ikaanzisha wimbo gizani. Viti vikaburuzwa. Nilisikia miguu mingi ikielekea jukwaani, na sauti ya Agripina ikilia, "Mama Felicia, uko wapi? Nipe mkono!" Elise, kwa hofu, akawasha taa, na nusu ya watazamaji walikuwa jukwaani wamemkumbatia mwizi. Agripina alikuwa amepiga magoti naye na kumsokomezea ufunguo wa kabati kwenye kiganja, machozi yanamtoka, na aliyelia zaidi kati yao huwezi kusema ni nani.

Hapo Kariuki akarudi jukwaani. Aliinua mkono kama mwenyekiti.

"Ndugu zangu," alisema, "kwa kuwa tumefika hapa. Mwezi wa tatu kuna mtu alihamisha kufuli la nyumba namba kumi na nne kutoka Jumamosi. Mtu huyo ni mimi. Nilikuwa na harusi."

"Ni wewe!" alipaza sauti mama wa namba kumi na nne. "Nilivaa nguo mbichi kwa ajili yako!"

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe, lakini keti mbali."

Ikawa kama bomba limepasuka. Mmoja alikiri nyuzi. Mwingine alikiri kwamba yule mtoto wake aliyekuwa akilaumiwa kwa sabuni iliyomwagika hakuwapo siku hiyo. Dada mmoja wa kwaya alikiri soksi ya kijani na kuieleza: ilinasa kwenye blanketi lake, akaona aibu kuirudisha, akaitupa, akaota ndoto. Katikati ya yote hayo mzee Thomas akasimama mstari wa mbele. Hakuwa ameelewa neno hata moja, lakini uso wa mtu anayeungama ni uleule kwa lugha zote. Akavua kofia, akasema kwa Kiswidi, akiwa mwekundu kama nyanya, kwamba kile kikaratasi cha mwaka 2009 kuhusu mama yako hakai hapa alikiandika yeye, kwamba mama yake mwenyewe alikuwa amefariki wiki ile, na kwamba anaomba radhi kwa wote waliokisoma. Agripina akamvuta jukwaani kwa mkono wa sweta.

Mchezo wa dakika hamsini uliisha baada ya saa mbili kasorobo. Kama mtu ananiambia jamii yetu haina haja ya sanaa, nitamwonyesha ukumbi ule na kumwomba anyamaze.

Watu walipotawanyika kuelekea kwenye chai, Tereza alipita katikati yao, koti lake limebanwa na watoto wawili, akaenda moja kwa moja kwa Elise. Elise alikuwa bado amekaa kwenye swichi, mweupe kama lile shuka. Walizungumza Kiswidi, na sisi tulioosha vikombe karibu tulisikia kila kitu.

Tereza alisema hajaona mwisho kama ule maishani mwake. Kuwakaribisha watazamaji jukwaani gizani! Yule mzee wa Kiswidi aliyepandikizwa kwenye mstari wa mbele! Alisema anautaka kwa majuma yote matatu, na kwamba mwisho ule usiguswe. Kisha akauliza Elise aliuandikaje.

Nitawaambia ukweli: sote tulisali aseme uongo. Neno moja tu, "polepole" au "kwa shida", na pazia lile lingekuwa lake.

"Sikuuandika," alisema Elise.

Kariuki aliangusha kikombe.

"Mwisho wangu ni mwingine," Elise aliendelea. "Mwizi anaondoka na shuka. Ule uliouona si wangu, na siwezi kukuuzia kitu kisicho changu."

"Nani ameuandika, basi?" aliuliza Tereza.

Elise alielekeza kidole kwa Gaudiosa, aliyekuwa ananywa chai amezungukwa na watu kama bibi harusi. Tereza alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akasema atautaka ule wa bibi yule, au hatautaka kabisa, na anahitaji jibu kabla hajaondoka.

"Hapana," alisema Elise, papo hapo, kama alivyosema Paris.

Hapo Gaudiosa akaweka chini kikombe. Alikuwa mwenye haya tangu tunamjua, lakini alikuwa ametoka kutubu mbele ya watu mia moja, na kitu fulani kilikuwa kimelegea ndani yake. Akamjia Elise na kusema kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo jengo zima liliisikia.

"Madamu, wewe umewahi kuiba?"

"Miye? Hapana!"

"Hata kijiko?"

"Hapana."

"Basi humjui mwizi. Umemtazama tu dirishani ukampenda. Unafikiri anaondoka na shuka lake anafurahi. Mimi nimekuwa mwizi wiki tatu, bila kuiba. Mwizi hafurahi, Madamu! Mwizi anataka mtu akae naye benchi moja. Na hasemi, kwa sababu hajui aanzie wapi, na wewe umemnyima maneno. Filamu sita, michezo kumi na mmoja, hujamruhusu hata mmoja wao afungue mdomo!"

Nilitegemea Elise apige kelele. Hana adabu na wanaomkosoa. Aliwahi kumfukuza mkosoaji mmoja wa gazeti kwa mwavuli. Badala yake alimtazama Gaudiosa kama mtu anayetazama kupitia kamera na kugundua kwamba amekuwa akilenga ukuta.

"Hakuna aliyenifundisha hii," alisema mwishowe, polepole. "Yule wa tiketi... alitaka kusema kitu?"

"Huyo simjui. Lakini siku nzima anapotosha watu! Lazima alitaka kusema."

Elise aliketi juu ya ile mashine ya kufulia iliyokufa. Akaomba kalamu. Akafungua maandishi yake kwenye ukurasa wa mwisho, akayasoma yale maneno, kwaherini majirani, kesho ni zamu yangu, na akayapiga mstari. Kisha akapiga kofi mahali patupu kando yake, juu ya mashine.

"Kaa, Mama Felicia. Siku ya kwanza, pale kanisani. Uliingia ukakaa wapi?"

"Benchi la tatu. Upande wa dirisha."

"Na mutu wa kwanza kusimama na kuhama, alikuwa nani?"

Gaudiosa alimwangalia Agripina kwa pembe ya jicho.

"Andika tu mwanamke mmoja," alisema.

"Andika jina," alisema Agripina, akivuta kiti naye akaketi. "Lakini andika pia kwamba miguu ilikuwa inaniuma."

Tereza alimgusa Kariuki bega, akamwuliza kwa Kiswidi wale akina mama wanasemaje, na kama hilo ndilo jibu.

"Wanafanya kazi," alisema Kariuki.

Tereza alitazama saa yake. Aliwatazama wale watatu walioinamia karatasi moja, wanabishana kuhusu benchi. Akavua koti, akalitundika kwenye kamba ya nguo, na kuomba kikombe cha chai.